Mizani Ikigoma

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, hakuna chombo kinachotazamwa kwa jicho kali Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, kama mizani. Gunia linapandishwa, karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, anasoma, mkulima anainama asome na yeye, na nyuma yake wamesimama wengine watatu wanaosoma kimyakimya. Watu wa huku wameionja kangomba, ununuzi wa magendo, kiasi cha kutosha, jasho la mwaka mzima likipimwa kwa bakuli uani kwa mtu. Kilo ikisomwa hadharani wanaiona kuwa haki yao. Na wanajua jambo moja ambalo mgeni hulielewa polepole: gunia hilohilo, likipimwa leo kijijini na kupimwa tena ghala kuu baada ya majuma kadhaa, halisomi sawa. Korosho imekauka. Maji yametoka, punje zimebaki. Jina lake ni unyaufu, na katika eneo la RUNALI, chama kikuu cha ushirika kilichobeba jina la Ruangwa, Nachingwea na Liwale, neno hilo halihitaji tafsiri.

Nimeanzia ghalani kwa sababu nataka kuzungumzia mizani nyingine, ile ya kliniki, na mtu anayepanda juu yake huku moyo ukimwenda mbio.

Mchukue mama wa kufikirika, mfanyabiashara wa ufuta pale Ruangwa mjini. Ana miaka 43. Alikuwa na kilo 120, kisukari cha miaka sita, na magoti yaliyomfanya akae kwenye kigoda wakati wenzake wakizunguka vijijini kutafuta mzigo. Siku hizi habari za kupunguza uzito hospitalini zimefika mpaka huku. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika mwaka 2025, aliifanya nchi nzima izungumzie kitambi, na tawi la Muhimbili la Mloganzila limekuwa likiweka puto tumboni na kufanya upasuaji kwa watu ambao uzito umewazidi. Mama yetu akauza mzigo, akachangiwa na wanawe, akafanyiwa upasuaji uitwao gastriki baipasi mwezi Januari. Mwezi wa kwanza zikaondoka kilo 10. Mwezi wa tatu zimefika 20. Mwezi wa sita, 28. Mwaka ulipotimia zilikuwa 35.

Kisha mizani ikagoma. Mwezi wa 13, kilo 84. Mwezi wa 14, kilo 84. Mwezi wa 15, kilo 84 na gramu 400.

Uzito ulipokuwa ukishuka, majirani waliuliza, "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Huku kwetu kunenepa ni kupendeza, na anayekonda ghafla hutungiwa ugonjwa. Waliposikia ni upasuaji wakanyamaza. Sasa uzito umesimama na maneno yamerudi kwa sura nyingine: dawa imeisha nguvu, hela imepotea, atakuwa anakula usiku. La mwisho ndilo linalouma, kwa sababu na yeye ameanza kuliamini.

Nataka kuonyesha kwamba kusimama huko kulikuwa kunamsubiri tangu siku ya kwanza, kwamba kuna watu wamelipima jambo hilo na kulieleza, na kwamba lawama anayojibebesha haina msingi.

Kuna kusimama kwa aina mbili, na huchanganywa sana. Kusimama kwa kwanza huja mapema, mara nyingi kwenye wiki ya tatu au karibu na hapo. Mgonjwa anakula vijiko vichache tu vya mchuzi na maziwa, njaa hana, na bado mizani haisogei siku saba au kumi. Hapa mkulima wa korosho anaelewa kuliko mtu wa mjini. Ini na misuli hutunza akiba ndogo ya wanga iitwayo glikojeni, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu yake hushikamana na gramu kama tatu za maji. Chakula kikikatika, akiba hiyo huliwa kwanza, na maji yake hutoka kwenye mkojo. Hizo ni kama kilo mbili zinazoondoka haraka bila mafuta mengi kuguswa. Ni unyaufu. Baadaye mwili husawazisha maji yake, hurudisha kiasi, na kwa muda maji yanayorudi huficha mafuta yanayoondoka. Gunia linasoma vilevile, lakini ndani mali inabadilika. Kusimama huku hupita kwenyewe, na sitasema zaidi juu yake.

Kusimama kwa pili ndiko kulikomkuta mama yetu. Huku ni kukubwa, kuna sababu yenye mizizi mirefu, na kumechukua karibu karne ya uchunguzi kueleweka.

Mwaka 1958 daktari mmoja wa New York, Max Wishnofsky, alipiga hesabu iliyokuja kusambaa dunia nzima: ratili moja ya uzito wa mwili ni sawa na kilokalori 3,500, yaani karibu kilokalori 7,700 kwa kilo. Hesabu yenyewe ina maana. Watu wakaigeuza kuwa mstari mnyoofu: punguza kiasi fulani kila siku, utapungua kiasi fulani kila wiki, daima. Tuijaribu kwa mama yetu. Tuseme kabla ya upasuaji mwili wake ulitumia kilokalori 2,700 kwa siku, na baada ya upasuaji akawa anakula 1,000. Pengo ni 1,700. Gawanya kwa 7,700, unapata zaidi ya gramu 200 kwa siku, zaidi ya kilo sita na nusu kwa mwezi. Endelea hivyo miezi 18 na zitakuwa zimeondoka kilo 120. Zote alizokuwa nazo. Mstari mnyoofu ungemmaliza mama mzima kabla ya miaka miwili.

Nachingwea inaijua hatari ya mstari mnyoofu wa mezani. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walipita Tanganyika wiki chache, wakaandika mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Ekari mara mavuno kwa ekari, sawa na tani kadhaa. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kubeba karanga ambazo hazikuja. Ardhi ilijibu kwa namna yake: udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, visiki vilivunja matrekta, mvua haikufuata ratiba. Mwaka 1951 mpango ulifutwa ukiwa umemeza kama pauni milioni 36. Waliopanga walidhani ardhi ni meza tupu inayopokea watakachoiandikia. Mwili nao tumeufanyia kosa hilohilo kwa miaka mingi.

Jibu la kwanza la mwili liko upande wa matumizi. Mtu mzito ana mzigo wa kubeba, moyo wenye eneo kubwa la kusukumia damu, misuli iliyozoea kuinua kilo 120 kila anaponyanyuka kwenye kigoda. Mzigo ukipungua, gharama hupungua. Watafiti wakiongozwa na Kevin Hall, aliyekuwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walikadiria kwamba kila kilo moja inayoondoka hupunguza matumizi ya mwili kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku. Mama amepoteza kilo 36. Tukichukua 25 kwa kila kilo, mwili wake sasa unatumia kilokalori 900 pungufu kila siku. Kutoka 2,700 ameshuka mpaka 1,800.

Sehemu ya upungufu huo ni haki ya hesabu: mwili mdogo, gharama ndogo. Lakini sehemu nyingine ni ubahili. Mwili unaopungua haraka hubana matumizi kuliko udogo wake unavyodai. Ancel Keys aliliona hilo katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1945, vijana 36 waliojitolea walipolishwa nusu shibe kwa miezi sita: walipoteza karibu robo ya uzito wao, mapigo ya moyo yakapoa, wakawa wanasikia baridi kiangazini. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa New York walilipima kwa makini zaidi, wakaonyesha kwamba hata mtu aliyepungua sehemu moja ya kumi tu mwili wake hubana. Huko Gambia, katika kijiji cha Keneba, Andrew Prentice na wenzake waliwapima wanawake wajawazito na kukuta miili yao ikijibana kulea mimba kwa chakula kidogo.

Kwa mtu wa kusini hili halina ugeni. Bibi zetu wameishi miezi ya Januari mpaka Machi ghala likiwa tupu na mahindi yakiwa bado ya kijani shambani. Wamekula ming'oko ya porini. Mwaka mbaya wamekula ndiga, ambayo usipoiloweka siku kadhaa inaua. Aliyebaki hai akazaa ni yule ambaye mwili wake ulijua kukaza mkanda. Tumerithi miili hiyo, na mwili haujui kutofautisha njaa ya masika na kisu cha daktari. Unachoona ni akiba inayoyeyuka.

Lakini ubahili ni nusu ndogo ya habari, na hapa ndipo uchunguzi ulionishangaza kuliko wote. Kuna dawa ya kisukari iitwayo kanagiflozini ambayo hufanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Wazee walikitambua kisukari kwa sisimizi waliokusanyika pale mgonjwa alipokojoa. Dawa hii husababisha kitu kama hicho kwa makusudi, ikitoa sukari yenye kilokalori kama 360 kila siku. Mgonjwa hahisi kitu. Hajui kwamba kuna nishati inayovuja. Hall na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2016, walichukua kumbukumbu za wagonjwa 153 waliotumia dawa hiyo mwaka mzima. Kwa mstari mnyoofu wangepungua kilo nyingi. Walipungua chache tu, kisha wakasimama, ilhali sukari iliendelea kumwagika siku zote.

Kwa nini? Walikuwa wanakula zaidi bila kujua. Kijiko kimoja cha ziada hapa, kipande cha muhogo pale. Watafiti walipopiga hesabu walikuta kwamba kwa kila kilo moja iliyopotea, hamu ya kula ilipanda kwa karibu kilokalori 100 kwa siku. Linganisha na zile 20 au 30 za matumizi. Nguvu ya hamu ni mara tatu na zaidi ya nguvu ya ubahili. Na watu hawa hawakuwa kwenye mlo wowote. Hakuna aliyewaambia wapungue, kwa hiyo hakuna wa kuambiwa kwamba amekosa nidhamu. Mwili ulihisi kilo zimepungua, ukapandisha njaa kimyakimya mpaka hesabu zikakutana.

Mjumbe mkuu wa habari hizi anajulikana. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, New York, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo akiba iko kiasi gani. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unasikia kama kuna njaa nyumbani. Miaka mitano baadaye Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa walitangaza grelini, inayotoka tumboni kuitisha chakula. Ninapenda kufikiria raba ya manati. Ukianza kuivuta ni laini. Kila inchi unayoongeza, inakuvuta kwa nguvu zaidi, mpaka mahali mkono wako na raba vinalingana, na hapo mkono unasimama. Hujaachia. Hujachoka. Nguvu zimelingana.

Sasa upasuaji unafanya nini kwenye raba hiyo?

Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa aliianzisha gastriki baipasi mwaka 1966, baada ya kuona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba. Daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kikubwa kama yai hivi, kisha anaukata utumbo mwembamba na kuuleta juu uunganishwe na kifuko hicho, chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kazi yote ni ya kifuko: debe limekuwa kikombe. Lakini mfuko peke yake hauelezi kwa nini sukari ya damu ya wagonjwa wengi wa kisukari hushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla kilo hazijaondoka. Sehemu ya maelezo ni mazungumzo kati ya utumbo na ubongo. Chakula kinapofika mapema kwenye utumbo wa chini, kuta zake humwaga homoni za shibe, GLP-1 na PYY, kwa wingi usio wa kawaida. Mgonjwa anakula vijiko vinne vya wali na ubongo unapokea taarifa ya sahani nzima.

Mwaka 2024 Hall alichapisha hesabu inayounganisha yote haya. Anayepungua kwa kujinyima tu husimama ndani ya mwaka wa kwanza, kwa sababu raba yake ni kavu na ngumu. Upasuaji, na hata zile sindano mpya za kupunguza uzito, huilainisha raba. Unaivuta mbali zaidi kabla haijakurudisha. Ndiyo maana mama yetu alipoteza kilo 36 mahali ambapo kwa kujinyima angepoteza labda kumi. Lakini raba imelainishwa, haikukatwa. Mahali pa kulingana papo, na hupatikana kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu kwa walio wengi. Mama alianza kwa kilokalori 1,000. Kifuko kilipopona, uvimbe ukaisha, akaanza kula ugali kidogo, samaki, kunde, na bila kuona akapanda hadi 1,200, hadi 1,500, hadi 1,800. Matumizi yakashuka kutoka 2,700 yakamkuta kwenye 1,800. Mapato na matumizi yamekutana. Mfanyabiashara anaijua siku hiyo kwenye daftari.

Atasema: basi nitembee zaidi. Ni jibu la kila mtu, na kuna ukweli wa Tanzania ndani yake unaostahili kujulikana nchini kuliko unavyojulikana. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanawinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwapa watu wazima 30 maji maalumu yenye atomu zenye alama, wakakusanya mkojo wao kwa siku 11, na kutokana na jinsi alama zilivyotoka wakajua kila mtu alitumia nishati kiasi gani. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti walitarajia namba kubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe walitumia nishati sawa na Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili uliotumia zaidi kwenye miguu ulibana kwingine.

Sisemi aache kutembea. Kutembea na kuinua vitu vizito hulinda misuli, hushusha sukari, hulinda moyo, na kumsaidia mtu asirudi alikotoka. Nakataa ahadi moja tu: kwamba akizunguka uwanja wa mpira kila jioni mizani itaanza kushuka kama mwezi wa pili. Haitashuka hivyo, na asipoelezwa mapema atadhani hata miguu yake imemsaliti.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo yanaweza kumsimamisha mtu kabla ya wakati au kumpandisha, na huku kwetu yana majina ya huku. La kwanza ni kudokoa. Kifuko kidogo kinakataa sahani, lakini hakikatai punje moja moja, na Ruangwa korosho iko mkononi kutwa nzima. Korosho ni chakula kizuri sana. Gramu 30, yaani gao moja dogo, zina kilokalori kama 165. Magao manne kati ya asubuhi na jioni ni zaidi ya 600, theluthi ya matumizi ya mama yetu, na hatakumbuka kwamba amekula. Apime kwenye bakuli, ale mezani, bakuli liishe. La pili ni vinavyopita bila kukaa: soda, chai ya vijiko vinne vya sukari, uji mtamu. Kifuko hakivihisi. Tena sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo uliounganishwa upya humletea mtu jasho, mapigo ya moyo na kizunguzungu, na yeye akadhani ni presha.

La tatu nalisema kwa wasiwasi wa kweli. Msimu wa korosho ni msimu wa mabibo, na mabibo ni uraka, pombe yake. Baada ya gastriki baipasi pombe hufika kwenye damu haraka na kwa kiwango kikubwa kuliko zamani. Glasi moja inafanya kazi ya mbili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba tatizo la ulevi huongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji huu. Mwaka wa pili ndio huohuo mizani inapogoma, mtu ana huzuni, chakula hakimfariji tena kama zamani, na kwa jirani kuna dumu. Daktari, muuguzi, mume, mtoto mkubwa, mmoja wao aulize mapema.

Na kuna kosa analoweza kulifanya kwa nia njema kabisa: kujinyima upya ili kuivunja mizani. Akishuka hadi kilokalori 700, mwili utabana tena, na utakula misuli, na misuli ndiyo inayotumia nishati hata akilala. Kila mlo uanze na vyakula vya kujenga mwili: yai, dagaa, samaki, kunde, mbaazi ambazo mkoa wa Lindi unalima kwa wingi. Ugali uje mwisho, ukipata nafasi. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na B12 ni vya maisha, maana sehemu ya utumbo iliyorukwa ndiyo iliyokuwa ikivuna mengi ya hayo. Miguu ikianza kufa ganzi au uchovu ukizidi, hospitali, asisubiri. Vivyo hivyo kutapika kusikokoma au maumivu makali ya tumbo. Mwanamke wa umri wa kuzaa ajue pia kwamba uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba hurudi kwa nguvu, mara nyingine kwa aliyekata tamaa, ilhali madaktari hushauri asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri, kwa hiyo azungumze kliniki juu ya sindano, kijiti au kitanzi.

Baada ya hapo, atarajie nini? Sweden iliwafuata wagonjwa wake kwa miaka mingi, katika utafiti ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström. Waliofanyiwa gastriki baipasi walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepoteza kwa wastani asilimia 32 ya uzito. Mwaka wa kumi walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Yaani walipanda kidogo, kisha wakakaa. Na kwa jumla waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache kuliko wenzao wenye uzito kama wao ambao hawakufanyiwa. Hayo yalitokea ingawa karibu kila mmoja wao mizani yake iligoma.

Mwili wa mama yetu nao haukubaki katika ubahili ule wa miezi ya mwanzo. Watafiti waliolinganisha wagonjwa wa upasuaji na washindani wa shindano la runinga la kupunguza uzito Marekani walikuta kwamba, kwa waliopasuliwa, kule kubana kulikopita kiasi kulionekana mwezi wa sita, lakini kufikia mwezi wa 12 kulikuwa kumefifia. Wale wa shindano, waliopungua kwa mazoezi makali na kujinyima, walipopimwa miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inatumia kilokalori kama 500 pungufu ya inavyostahili kwa siku, na kwa wastani walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. Ukiniuliza kwa nini nisimwache mtu aitwe mvivu kwa sababu mizani yake imesimama, nitakuonyesha matokeo hayo mawili.

Tanzania inahitaji kuyazungumza haya sasa, kabla foleni haijawa ndefu. Mwaka 2004 na 2005 takwimu za afya ya uzazi zilionyesha kwamba wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa kama 18 katika kila 100. Mwaka 2010 wakawa 22. Mwaka 2015 na 2016 wakawa 28. Wengi hawatafika Mloganzila wala hawahitaji. Lakini wauguzi wa kliniki za kisukari Ruangwa na Nachingwea watakutana na waliorudi kutoka Dar es Salaam na kovu dogo tumboni, na swali la kwanza la mgonjwa huyo mwezi wa 14 litakuwa hilo. Ajibiwe vizuri. Apimwe kilo, apimwe na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, sukari ya asubuhi, presha, damu. Yote yaandikwe kwenye kadi, mstari mmoja, ukubwa mmoja wa herufi.

Mwezi Mei mama anapanda tena. Kilo 84 na nusu. Muuguzi anaandika, anamchoma kidole, anasoma sukari, anageuza kadi nyuma hadi Januari ya mwaka uliopita na kumwonyesha alipokuwa akichoma insulini mara mbili kwa siku. Mama anaitazama kadi kwa muda mrefu. Kisha anavaa kandambili zake, anajifunga kanga ambayo ncha zake sasa zinazunguka mpaka mgongoni, na kuulizia bodaboda. Msimu wa ufuta umefunguliwa na mnada ni kesho, na safari hii anakwenda vijijini mwenyewe.